Buster Keaton: sauti haikummaliza, saini ndo ilimmaliza

Nianze na hesabu ndogo. Mwaka 1928 kuna jamaa anaingia geti la studio ya MGM pale Culver City, California, mshahara wake dola 3,000 kwa wiki, nasema kwa wiki sio kwa mwezi, na dola ya enzi zile sio hii ya leo. Miaka mitano baadae katimuliwa. Mwaka 1937 anarudi geti lile lile, safari hii kwa dola 100 kwa wiki, na kazi yenyewe sio kuigiza tena, ni kuwatungia vichekesho watu wengine ambao, tuseme ukweli tu, wengi wao hata robo yake walikuwa hawafiki. Kampuni ile ile, mtu yule yule, umri ndo kwanza miaka 41.

Huyo ni Buster Keaton, yule wa uso mkavu asiyecheka hata nyumba imdondokee, na kweli ilimdondokea, tutafika huko.

Ukiuliza kilimpata nini wengi watakujibu fasta kwamba ni sauti, filamu zilianza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920 na waigizaji wa picha bubu wakapotea wote, basi. Jibu jepesi na linaingia akilini, ila kwa Keaton halishiki. Wengine watakwambia pombe, na pombe ilikuwepo kweli, tena sio kidogo. Lakini mi nimezipanga tarehe zake moja baada ya nyingine na kila nikizipanga naona kitu cha kwanza kuvunjika sio koo wala ini, ni ile karatasi aliyoisaini Januari 1928. Mengine yote yalifuata nyuma yake kama mabehewa.

Tuanze mbali kidogo maana bila hii hutaelewa kwa nini mtu mwenye akili vile alisaini.

Kazaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 kwenye kijiji kinaitwa Piqua, Kansas, na kuzaliwa pale ilitokea tu kwa sababu wazazi wake walikuwa njiani na maonyesho yao ya jukwaani. Jina lake halisi Joseph Frank Keaton. Hilo la Buster mwenyewe alikuwa anasema alipewa na Houdini yule mfungua minyororo baada ya kumuona anaporomoka ngazi akiwa mtoto mchanga na kunyanyuka mzima, hadithi tamu lakini wanaofuatilia maisha yake wengi hawaiamini sana, we ichukue kama ilivyo. Cha uhakika ni kwamba akiwa bado mtoto mdogo kabisa alishaingizwa kwenye shoo ya baba na mama, wakajiita The Three Keatons, na shoo yenyewe ilikuwa mzee anamrusha mtoto. Sio mfano, anamrusha kabisa! Kwenye mapazia, kwenye mbao, mara nyingine kwa watazamaji, na nguo ya mtoto ilishonewa mkono wa begi mgongoni ili mzee apate pa kushika vizuri. Chama cha kutetea watoto cha New York kiliwaandama miaka na miaka kikidhani mtoto anaumizwa. Keaton hadi anazeeka alikuwa anakataa kwamba aliumizwa, alisema alijifunza kuanguka mapema tu, na alijifunza kingine pia, kwamba akicheka yeye watu hawacheki, akikausha uso ukumbi mzima unapasuka. Ule uso maarufu umetoka hapo, ni ufundi wa kazi, mtu anadhani alikuwa na huzuni.

Kumbe pia hakusoma shule ya maana, na katika maisha yote hayo hela inashikwa na baba, mikataba anaongea baba, yeye kazi yake kuanguka vizuri. Shika hilo.

Mwaka 1917 yupo New York, miaka 21, baba kazidiwa na ulevi na shoo ya familia imekufa. Amepata nafasi ya jukwaani ya dola 250 kwa wiki. Katikati ya hapo anaingizwa na rafiki kwenye studio ya Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa kwenye chati za juu kabisa wakati huo, anaambiwa hebu jaribu kipande hiki, anajaribu, alafu jioni anaomba aazimwe kamera. Akaenda nayo chumbani akaifungua yote vipande vipande kuona inavofanya kazi, kisha akairudishia. Kesho yake akaachana na zile 250 akaja kwenye filamu kwa dola 40. Mtu anayefanya hivyo unajua kabisa ni fundi wa kuzaliwa, na unajua pia kwamba siku moja mtu mjanja wa hesabu atamla.

Mjanja mwenyewe alikuwa Joseph Schenck, na nitakuwa muungwana nae kidogo maana hakuwa mtu mbaya. Schenck ndo alikuwa mwenye kampuni ya Arbuckle. Arbuckle alipohamia filamu ndefu za studio ya Paramount, Keaton, ambaye alikuwa amerudi kutoka jeshini Ufaransa na sikio bovu juu, akapewa kampuni na studio yenye jina lake, kwenye kiwanja ambacho kabla yake Chaplin alikuwa akifanyia kazi. Na sio biashara tu, walikuwa wanyumba pia, mke wa Schenck ni Norma Talmadge nyota mkubwa wa enzi hizo, na mwaka 1921 Keaton akamuoa mdogo wake, Natalie. Kwahiyo bosi wako ni mwanyumba wako, Krismasi mnakula meza moja. Nani anakaa na mwanyumba wake kudai hisa?

Na hisa hakuwa nazo. Geti limeandikwa jina lake, filamu zimeandikwa jina lake, lakini kampuni ni ya Schenck na wenzie, yeye ana mshahara na asilimia ya faida basi. Chaplin alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya filamu ya United Artists 1919 na studio yake aliijenga mwenyewe. Harold Lloyd alipoachana na prodyuza wake 1923 akafungua kampuni yake na kushika filamu zake mkononi. Hawa watatu ndo wanatajwa pamoja siku zote, wafalme watatu wa komedi bubu, ila wawili walikuwa na nyumba na mmoja alikuwa mpangaji anayependwa.

Kwa miaka minane lakini mpangaji aliishi kama mwenye nyumba, na hapa lazima nikae kidogo maana ndo kiini cha kisa. Kuanzia 1920 hadi 1928 Keaton alitoa filamu fupi 19 na ndefu 10. Skripti hakuna. Wanakaa yeye na watunga vichekesho wake wachache, wanatafuta mwanzo mzuri na mwisho mzuri, katikati wanajua itajijaza yenyewe wakiwa kazini. Wakikwama hawagombani, wanatoka nje kucheza besiboli, mtu akipata wazo katikati ya mechi anatupa gongo chini wanarudi ndani kushuti. Seti zake zilitengenezwa na fundi Fred Gabourie, kamera za miaka ile ya mwanzo alishika Elgin Lessley, na hawa watu walikuwa wanajuana kiasi kwamba Keaton anaweza kusema nataka nyumba nzima izunguke kama pia, na kesho nyumba inazunguka. Stanti, yani zile sehemu za hatari, anafanya mwenyewe. Mwaka 1924 kwenye Sherlock Jr. aliteremka na bomba la maji la reli, maji yakamshukia kwa nguvu akapiga shingo kwenye reli, akaumwa kichwa siku kadhaa akaendelea na kazi, miaka mingi baadae daktari anaangalia eksirei anamuuliza hii shingo ulivunja lini.

Sasa mtindo huo unahitaji vitu viwili tu, muda na mtu wa juu asiyekuuliza maswali. Schenck alikuwa hamuulizi. Hadi The General.

The General ilirekodiwa 1926 huko Cottage Grove, Oregon, hadithi ya dereva wa treni kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Alitafuta reli za zamani, akachukua askari wa akiba wa Oregon akawavisha sare za bluu wanakimbia huku, kisha za kijivu wanakimbia kule, na mwisho akaweka treni ya kweli kwenye daraja la mbao linaloungua, likakatika treni ikaingia mtoni mbele ya maelfu ya watu waliokuja kushangaa. Hakuna modeli pale, hakuna danganya toto, ile injini ilikaa mtoni hadi wakati wa vita kuu ya pili ndo ikatolewa ikauzwa chuma chakavu. Leo iko kwenye kila orodha ya filamu bora za dunia. 1927 ilipotoka waandishi wengi waliiponda na hela haikurudi kama ilivyotoka. Mi naielewa hasira ya mwenye hela hapa, kwa kweli naielewa.

Steamboat Bill, Jr. ndo ikawa ya mwisho ya studio yake. Walijenga kitongoji kizima kando ya mto Sacramento, hadithi ilitakiwa iishie na mafuriko, wakubwa wakasema hapana, mto Mississippi umetoka kuua watu 1927 watu hawatacheka mafuriko, badilisha. Akabadilisha kuwa kimbunga. Humo ndo kuna ile nyumba. Ukuta wa mbele wa nyumba wenye uzito unaotajwa kuwa tani 2 unamdondokea, yeye kasimama tu, anaponea kwenye tundu la dirisha la juu ambalo limepimwa limuache kwa inchi chache kila upande, akisogea nusu hatua ni maziko. Inasimuliwa kuwa baadhi ya watu kwenye seti waligeuza macho. Na inasimuliwa pia kwamba karibu na siku hiyo ndo alikuwa ametoka kuambiwa studio inafungwa. Mwenyewe alikuja kusema alikuwa na hasira kipindi kile, angekuwa sawa asingefanya. Nikiangalia ule mkanda najua hilo na bado siwezi kuona kitu usoni kwake, uso ule ule.

Maana habari ilikuwa hivi. Schenck alikuwa amehamia kuongoza United Artists na hakutaka tena mzigo wa kuendesha studio ya Keaton. Mdogo wake, Nicholas Schenck, ndo alikuwa rais wa Loew's, kampuni mama ya MGM. Kwahiyo Joe anamwambia Buster nenda kwa Nick, atakuangalia, utapumzika na mambo ya hesabu wewe utafanya vichekesho tu. Sauti nzuri hiyo kwenye sikio la mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kushika hesabu. Chaplin akamwambia usiende. Lloyd akamwambia usiende, pale kuna mabosi wengi watakuvuruga. Akaenda. Kwenye kitabu chake cha maisha cha 1960 anaiita hiyo hatua kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na sura yenyewe kaipa jina hilo hilo, hakuzungukazunguka.

Watu wengi wanaoandika juu ya hili wanamuweka kama mwanakondoo. Mi sioni hivyo. Alikuwa mtu mzima wa miaka 32, ana jumba la kifahari Beverly Hills aliyomjengea Natalie, familia ya mke inapenda maisha ya juu, na mezani kuna dola 3,000 kwa wiki wakati filamu zake mbili za mwisho kutoka zimeyumba sokoni. Angekataa angefanya nini, atafute mtaji wapi? Alikuwa na jina bila hata kamera moja ya kwake. Ndo maana nasema kosa lenyewe halikuwa 1928. Lilianza 1920 pale alipokubali jina liandikwe getini bila kuuliza karatasi za kiwanja ziko kwa nani. 1928 ni siku ya deni kuiva.

Haya, ndani ya MGM kukoje. MGM ilikuwa kiwanda, na sisemi kwa ubaya, kilikuwa kiwanda kizuri kweli. Kila kitu kina idara yake. Skripti inaandikwa ikiisha inapitishwa, bajeti inapangwa, siku zinahesabiwa, mwigizaji anakuja anasimama kwenye alama anasema alichoandikiwa. Kwa tamthilia ya mapenzi ni sawa kabisa. Kwa mtu anayegundua kichekesho kwa kuona ngazi imeegemezwa vibaya ukutani, ni kama kumwambia mvuvi aandike Jumatatu samaki atakaowavua Ijumaa.

Filamu ya kwanza, The Cameraman, 1928. Wakamletea skripti nene, Keaton anasema walikuwepo waandishi 22 juu yake. Wakaenda New York kurekodi barabarani, watu wakamtambua wakamzonga, kazi haiendi, akapiga simu kwa Irving Thalberg bosi wa uzalishaji akamwambia hii skripti tuitupe, niache nifanye ninavojua. Thalberg akakubali! Ndo ikapatikana ile sehemu anaenda uwanja wa Yankee hakuna mechi siku hiyo, anacheza besiboli peke yake, mrushaji yeye, mpigaji yeye, hata mashabiki anawainamia yeye. Na ile ya chumba kidogo cha kubadilishia nguo anabanana na jibaba lingine wanavaa nguo za mwenzie, waliitunga pale pale. Ikapendwa ikaingiza hela. Inasemekana kwa miaka mingi MGM waliwaonyesha wachekeshaji wao filamu hiyo kama somo la komedi inavotakiwa kuwa.

Ungedhani wamejifunza. Hapana! Wakubwa walichoona ni kwamba filamu ya MGM imefanikiwa, kwahiyo mfumo wa MGM unafanya kazi, kaza zaidi. Huwa narudi kwenye hili kila mara maana limenikalia, kwamba ushahidi wa kumpa uhuru ndo uliogeuzwa kuwa ushahidi wa kumnyima.

Sasa ile hoja ya sauti. Filamu iliyofuata, Spite Marriage ya 1929, Keaton mwenyewe aliomba ifanywe na sauti. Yeye ndo aliomba. Studio ikakataa, vifaa na kumbi za kurekodia sauti zilikuwa chache wakazipangia watu wengine, ikatoka na muziki na milio tu. Kwahiyo huyu tunayeambiwa aliuawa na sauti ndo alikuwa amepanga foleni kuisubiri. Na sauti yake haikuwa mbaya, nzito kidogo ya kukwaruza, lafudhi ya kule kwao katikati ya nchi, inafanana kabisa na ule uso. Filamu ziliporuhusiwa kuongea, MGM wakamrekodi hadi kwa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani kwa ajili ya masoko ya nje, lugha ambazo hajui hata salamu, anakariri mistari kidogo kidogo mbele ya kamera. Ukiwa na mtu mwenye tatizo la sauti huwezi kumuongezea lugha tatu.

Tatizo lilikuwa yale anayotamkishwa. Kwenye filamu zake mwenyewe Keaton ni mtu mdogo mwenye akili ya mashine, dunia inamvurugikia na yeye anaipatia ufumbuzi kwa kamba, tanki na mteremko. MGM wakamgeuza kuwa bwege. Jina mara kwa mara Elmer, mjinga anayeonewa huruma, anajikwaa na kuongea utani wa maneno. Yeye nyumbani mbwa wake ndo alikuwa anaitwa Elmer. Stanti akakatazwa asije akaumia uzalishaji ukasimama, akawekewa mtu wa kuanguka badala yake, yani Keaton anawekewa mtu wa kuanguka! Akaomba apewe hata timu yake ndogo humo humo ndani, wale watu wake wa zamani, wakakataa. Watu wake wakatawanywa idara tofauti.

Na hapa kuna kitu kinachofanya kisa hiki kiwe kigumu kuliko watu wanavyokisimulia. Filamu hizo zilipata hela. Ndio, hizo za Elmer, ambazo Keaton alikuwa hataki hata kuzisikia, kwenye tiketi zilifanya vizuri kuliko nyingi za ule uhuru wake. Sidewalks of New York ya 1931 aliiona mbovu tangu siku ya kwanza, na ikaingiza faida. Sasa nenda kwa bosi ukamwambie unaniharibu wakati daftari lake linasema unastawi. Thalberg alikuwa mtu mwelewa lakini ana filamu zaidi ya 40 kwa mwaka mezani, anaangalia namba, namba ziko vizuri, inayofuata. Ukifeli watu wanakuuliza kuna nini, ukifaulu vibaya hakuna anayekuuliza.

Pombe inaingia hapo. Kunywa alikuwa anakunywa kabla, kama wengi wa enzi hizo za marufuku ya pombe, na alikuwa na historia ya baba pia. Ila ona, miaka mitano ya 1923 hadi 1928 ametoa filamu ndefu 10 huku akikimbia juu ya mabehewa, mlevi wa kupindukia hawezi hiyo kazi, angekufa kwenye ya pili. Kuanzia 1930 na kuendelea ndo chupa ikawa asubuhi. Ndoa ikafa, Natalie akapata talaka 1932, nyumba ikaenda, watoto wake wawili wa kiume wakabadilishwa hadi jina la ukoo wakawa Talmadge. Studio ikamuunganisha na Jimmy Durante, mchekeshaji wa kelele asiyefunga mdomo, mtu mzuri tu na walikuwa wanapendana, lakini kuwaweka fremu moja ni kama kumpa mtu anayenong'ona pacha mwenye tarumbeta. Kwenye What! No Beer? ya 1933 unamuona Keaton kalewa kweli, sio anaigiza. Macho hayapo. Niliiangalia mara moja sirudii.

Louis B. Mayer, bosi mkuu wa studio, akamtimua Februari 1933. Kabla ya hapo walishagongana, Keaton mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kutakiwa abaki studio Jumamosi kuburudisha wageni yeye akaenda zake kuangalia mpira.

Miaka ya baada ya hapo naipitisha haraka. Ndoa ya pili na nesi wake, ya ovyo, ikaisha 1936. Filamu moja Ufaransa. Filamu fupi 16 za kampuni ndogo inaitwa Educational, baadae 10 za Columbia, za harakaharaka bajeti ya nauli. 1935 akalazwa, hali mbaya. Alafu 1937 ndo ile dola 100 kwa wiki niliyoanza nayo, kuwasaidia wachekeshaji kina Marx Brothers na baadae Red Skelton.

Hii ya Skelton niikalie. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Skelton alikuwa nyota wa komedi wa MGM, na studio ikawa inatoa kabatini filamu za zamani za Keaton na kumtengenezea upya, vipande vya The General vikaingia filamu moja ya 1948, The Cameraman yote ikarudiwa kwa jina lingine. Na nani anakaa pembeni kuelekeza kichekesho kinafanyikaje? Mwenyewe. Inasimuliwa alimfuata Mayer akamwambia nipe Skelton na kitimu kidogo, tutafanya ile namna yangu ya zamani, senti ya mshahara siichukui mpaka filamu zijithibitishe sokoni. Mayer akakataa. Miaka ishirini imepita toka asaini na bado ombi ni lile lile, timu ndogo na kuachwa.

Upande wa pili wa hoja niuweke maana mtu atanitupia. Harold Lloyd alikuwa na kila kitu chake, studio, filamu, hela, na bado enzi ya sauti nae ilimpunguza taratibu hadi akaacha. Kwahiyo inawezekana Keaton angebaki huru angeshuka tu, mdororo wa uchumi wa 1929 ungempiga, na mtindo wake wa kuzamisha treni usingepata mtu wa kuulipia. Nakubali. Ila Lloyd alishuka akiwa tajiri, filamu zake ziko ndani kwake, anaamua nani azione. Chaplin nae alimaliza miaka ya 30 bila kuongea kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumlazimisha. Kushuka kupo na kushuka, na Keaton ndo pekee kati ya watatu aliyeshuka mikono mitupu.

Aliyemnyanyua sio studio yoyote. Mwaka 1940 alimuoa Eleanor Norris, mcheza dansi wa hapo hapo MGM, mdogo kwake kwa miaka 23, watu walimwambia binti aachane na hilo zee, wakakaa pamoja mpaka mwisho. 1947 wakaanza kwenda Paris kwenye sarakasi ya Medrano, na huko jina lake halikuwa limekufa. Kimojawapo walichofanya pale na Eleanor ni ile sehemu ya Spite Marriage ya kumlaza kitandani mwanamke aliyelewa chakari, sehemu ambayo prodyuza wa MGM alitaka kuikata kwa kuwa haoni kinachochekesha. Ukumbi ulikuwa unalia kwa kucheka kila usiku. Televisheni ikaja, nayo ikampenda. James Mason, yule mwigizaji wa Kiingereza, alikuwa amenunua lile jumba la Beverly Hills, na humo zikakutwa nakala za filamu za Keaton zilizokuwa zimesahauliwa, zikaokolewa kabla hazijaoza.

Heshima zikafuata, Oscar ya heshima 1960, na Septemba 1965 kwenye tamasha la filamu la Venice ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi bila kukaa. Februari 1, 1966 akafariki, saratani ya mapafu, miaka 70.

Ila kabla ya hapo, Paramount walinunua haki ya kutengeneza filamu ya maisha yake kwa dola 50,000. Filamu yenyewe ilitoka 1957, imejaa uongo, achana nayo, lakini kwa ile hela alinunua nyumba ya kawaida tu na kiwanja chake kule Woodland Hills, akafuga kuku. Uwani akajenga reli ndogo. Wageni wakija wanakaa mezani nje, na katreni kanakuja kenyewe taratibu kamebeba soseji na karanga, kanasimama mbele ya kila mtu achukue, alafu kanaondoka. Mzee kakaa pembeni anakaangalia, uso mkavu.